Mkono wa Mwisho: Hotuba kwa Wauguzi wa Pemba Juu ya Damu na Laini za Mshipa Mkuu

Waheshimiwa wa wizara na wa hospitali zetu, walimu wa skuli ya uuguzi, wauguzi na wakunga mliotoka Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na nyinyi wa maabara mliokaa viti vya nyuma kama ada yenu: assalaam alaykum.

Nimepewa mada mbili, kuongeza damu na kuangalia laini za mshipa mkuu, yaani katheta, ile mipira myembamba inayopitishwa ndani ya mshipa mkubwa kuelekea moyoni. Nitazisema kama mada moja, kwa sababu zinakutana pahala pamoja: pale mkono wa muuguzi unapofungua mdomo wa laini na kuunganisha kitu kinachoingia moja kwa moja kwenye damu ya mtu. Kabla ya hapo wamepita watu wengi. Kuna aliyechangia, kuna waliopima ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, kuna aliyefanya krosimachi, yaani kuilinganisha damu ya mfuko na ya mgonjwa, kuna daktari aliyeandika. Baada ya hapo hapiti mtu. Kidonge kikimezwa kimakosa bado kina tumbo la kupitia. Damu isiyo ya mtu wake haina pa kuzuiliwa, na mdudu aliyeingia kwenye laini ya shingoni yuko moyoni kabla hujaweka bomba la sindano kwenye trei.

Nianze na majina, maana hapa ndipo damu inapoua kuliko kwenye maradhi yote tunayoyapima.

Visiwa vyetu vina watu wengi na majina machache. Wodi moja ya wanawake inaweza kuwa na Fatma Khamis Ali na Fatma Ali Khamis, vitanda vimepakana. Nyumbani mtu ana jina jengine kabisa, na jamaa waliomleta wanalijua hilo la nyumbani tu. Sasa muuguzi anakuja na mfuko wa damu, anauliza: “Wewe ndiye Fatma Khamis?” Ataitikiwa “naam”. Mwenye homa ataitika naam, bibi asiyesikia vizuri ataitika naam, na mtu mwenye adabu zake asiyetaka kumkatisha muuguzi naye ataitika naam. Suali hilo halina faida. Suali ni: “Jina lako nani? La baba? La babu?” Yeye aseme, wewe usome. Ukimtajia, umeshamjibia.

Majina matatu nayo hayatoshi. Vitabu vya wenzetu vinasema ongeza tarehe ya kuzaliwa, lakini wazee wetu wengi hawaijui, na inayoandikwa ni ya kukisia. Kwa hivyo kwetu nambari ya hospitali ndiyo yenye nguvu, na iwe mwilini mwa mgonjwa, si kwenye faili lililowekwa juu ya kabati. Bangili ya mkononi ikikosekana, kipande cha plasta chenye majina matatu na nambari kwa kalamu isiyofutika, kikizungushwa kwenye kifundo cha mkono, kinafanya kazi ileile. Mtoto anasemewa na mama yake. Aliyepoteza fahamu anasomwa bangili na watumishi wawili, wala asisemewe na jamaa aliyekaa karibu: huyo pengine ni jamaa wa kitanda cha pili.

Vitu vinne vinasomwa pamoja: bangili, fomu ya daktari, lebo ya krosimachi na mfuko wenyewe. Majina, nambari ya hospitali, kundi la ABO (A, B, AB au O) na Rh (chanya au hasi), nambari ya uniti, yaani ya mfuko, tarehe ya mwisho. Wanasoma wawili, na wanasoma kando ya kitanda. Kusomeana mezani kisha mmoja akabeba mfuko peke yake si kukagua, kwa kuwa ile hatua ya kutoka mezani hadi kitandani ndiyo yenye vitanda kumi na viwili. Na hao wawili kuna namna wanavyodanganyana bila kujua: wa kwanza anasoma, wa pili anamtazama mdomo na kutikisa kichwa. Dawa yake ni mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye mfuko na mwengine afuate kwenye bangili, kisha wabadilishane. Inachukua dakika mbili. Akija mtu kukuulizeni funguo za stoo katikati, anzeni upya.

Kwa nini ukali wote huu? Karl Landsteiner alionesha mwaka 1901 kwamba maji ya damu ya mtu mmoja yanaweza kugandisha chembe za mwengine. Mtu wa kundi O amebeba tangu utotoni kingamwili za kupiga A na B, hahitaji kutiwa damu kabla ili azipate. Mililita 5 hadi 10 za damu ya kundi A zikiingia kwake zinatosha kuanzisha balaa: chembe nyekundu zinapasuka ndani ya mishipa, himoglobini inamwagika na kushukia mafigo, presha inaanguka, na vya kugandisha damu vinatumika mpaka vinaisha, mtu akaanza kuvuja kwenye kila tundu la sindano. Mililita 10 ni chini ya zile zinazojaa kwenye mpira wa dripu.

Na kosa hilo mara nyingi halianzi kwenye mfuko. Linaanza kwenye kichupa cha sampuli. Vichupa viwili vimeandikwa majina mapema mezani, vikajazwa huku na kule, vikapishana. Maabara inapima sawasawa kabisa damu isiyo ya mtu wake. Toa damu, kisha andika lebo palepale kitandani, mgonjwa mmoja kwa wakati, kichupa cha pili kikiwa bado hakijaguswa. Mkono wenye dripu usitolewe sampuli juu ya kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, maana utapeleka damu iliyochanganyika na maji. Wa maabara akikurejeshea kichupa kisicho na jina, usimwambie “si unanijua”. Amekukinga wewe kuliko alivyomkinga mgonjwa.

Sasa mfuko wenyewe. Damu nzima iliyochukuliwa kwenye CPDA-1, dawa ya kuizuia isigande, inakaa siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6. Ikishatoka kwenye friji la damu una dakika 30 kuianza, la huwezi basi irudi maabara ndani ya muda huo. Ikishaanza, iishe ndani ya masaa 4. Mipaka hii haikuwekwa kwa ajili ya karatasi. Mdudu mmoja mmoja aliyeingia wakati wa kuchangia analala kwenye baridi. Kwenye wodi ya nyuzi 31 isiyo na kiyoyozi anaamka na kuzaana, na damu ni chakula chake. Kwa hivyo saa ya nne ikifika na mfuko una robo, funga. Kumhurumia aliyechangia kwa kuimalizia ni huruma isiyo mahali pake.

Friji la wodi lenye insulini, chanjo na chupa ya maji ya muuguzi wa zamu si friji la damu. Mlango wake unafunguliwa kila baada ya dakika tano, na sehemu iliyo karibu na barafu inagandisha chembe zikapasuka. Umeme nao tunaujua. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena miezi kama mitatu kuanzia Disemba 2009; sisi huku tulipata waya wetu wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Hivyo usiulize kama umeme ulikuwepo usiku. Soma kipimajoto cha friji na kitabu chake.

Kabla ya kuutundika, utazame mfuko mbele ya mwangaza. Plazma, yale maji ya damu, ikiwa nyekundu au ya waridi, chembe zimepasuka. Rangi ikiwa ya zambarau au nyeusi, au kuna mabonge, au pamelowa kwenye mshono, rudisha. Hauna haja ya kupashwa moto kwa mgonjwa wa kawaida anayepewa taratibu. Wapo wanaouweka kwenye beseni la maji ya moto, wapo jamaa wanaoombwa waukumbatie kwapani. Maji ya moto hayapimwi kwa kidole: zaidi ya nyuzi 42 chembe zinaanza kuharibika, na maji yanayopenya kwenye mdomo wa mfuko yanaingia na wadudu wake. Kupasha kwa mashine kuna wakati wake, nao ni pale damu inapoingia kwa kasi kubwa, zaidi ya mililita 50 kwa kilo kwa saa kwa mtu mzima au 15 kwa mtoto, kama kwa mzazi anayetoka damu bila kukatika.

Seti iwe ya damu, yenye chujio la maikroni 170 hadi 200. Bonyeza chemba ya matone mpaka chujio lote lifunikwe, kwa sababu damu ikidondokea juu ya chujio kavu inajipiga na kupasuka. Seti ibadilishwe kila masaa 12, au baada ya uniti nne zikiisha mapema zaidi. Kanula ya kijani, geji (kipimo cha upana) 18, ndiyo nzuri kwa mtu mzima, ya pinki inatosha, na mtoto mchanga atapata damu yake kwa ya manjano, taratibu tu. Kitu pekee kinachoruhusiwa kukutana na damu kwenye mpira ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 5 inazivimbisha chembe zikapasuka. Ringa lakteti ina kalsiamu, ambayo inaishinda dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye mfuko na kukuachia bonge kwenye mpira. Dawa ya sindano isichomwe kwenye mfuko wala kwenye mpira wa damu, hata kama ni furosemidi, dawa ya kukojoza, ya haraka. Ukichanganya, likitokea tatizo hutajua ni dawa au damu.

Plazma na chembe sahani, zile za kugandisha damu, nitazipita haraka kwani huku hazionekani mara kwa mara: plazma ikishayeyushwa haigandishwi tena, na chembe sahani haziingii friji kabisa, zinakaa nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa, na hupewa kwa seti mpya.

Dakika 15 za mwanzo ndizo za kukaa kitandani. Kabla ya kuanza umeshapima joto, mapigo, presha na pumzi, na umeandika. Joto la mwanzo ndilo linalosahaulika, kisha mgonjwa anafika nyuzi 38.4 na hakuna anayejua kama alianzia 37 au 38.2, kupanda nyuzi 1 juu ya alipoanzia ndiyo alama yenyewe. Anza kwa mililita 1 kwa dakika. Seti ikiwa ya matone 15 kwa mililita, hayo ni matone 15 kwa dakika. Lakini soma pakiti, maana zipo za 20. Usiondoke, usiandike ripoti ya zamu, zungumza na mgonjwa. Ukimwona ametulia, pima tena, kisha ongeza. Mfuko wa mililita 450 kwa masaa 3 na nusu: 450 mara 15, gawa kwa dakika 210, matone 32. Chembe zilizokamuliwa, yaani zilizotolewa plazma, mililita 280 kwa masaa 3: matone 23. Baada ya hapo pima kila saa, mwisho wa mfuko, na masaa 4 baadaye. Waambie jamaa kwa lugha nyepesi kwamba gurudumu la mpira haliguswi. Wanaona dripu inakwenda polepole, wanasaidia.

Mtoto ni hesabu nyengine. Mililita 20 kwa kilo za damu nzima, au 10 za chembe zilizokamuliwa, kwa masaa 3 hadi 4. Mtoto wa kilo 12 anayepewa chembe anahitaji mililita 120, na mfuko uliotundikwa juu yake una zaidi ya mara mbili ya hizo. Usitegemee macho: tumia chemba yenye vipimo, au pampu ya sindano, au angalau bandika plasta kwenye mfuko na uandike saa kwa saa pahala pa kufika. Malaria imepungua mno visiwani, na hao watoto weupe viganjani kwa kukosa damu waliokuwa wakijaa zamani hawaji kama zamani. Wanaobaki wengi ni wa selimundu na thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, ambao watatiwa damu tena na tena maisha yao. Kwa wa selimundu, himoglobini isisukumwe kupita gramu 10 kwa desilita, kwani damu inakuwa nzito na kuziba palepale tulipotaka izibuke. Na kwa wote hao, uliza kila mara kama safari iliyopita waliwashwa, walitetemeka au walipata manjano, kwani aliyetiwa damu mara nyingi hujenga kingamwili nyengine zisizo za ABO.

Likitokea tatizo, jina la tatizo litatafutwa baadaye. Kwanza funga gurudumu. Kanula ibaki. Mpira wote wa damu uondolewe, usiusukume kwa maji, kwani una damu ileile ndani yake, na seti mpya ya maji ya chumvi ifungwe mahali pake. Angalia pumzi, mpe oksijeni, pima presha. Kisha soma bangili na mfuko upya, na ikiwa hazilingani piga simu maabara kabla ya jambo jengine lolote: damu ya huyu pengine iko njiani kwa mwengine, au imeshatundikwa. Mfuko na seti yake, vichupa vipya kutoka mkono wa pili, na mkojo wa kwanza utakaotoka vipelekwe pamoja.

Baada ya hapo ndipo utofautishe. Mabaka ya kuwasha peke yake, bila homa wala pumzi kubana, ni mzio mdogo: mpe klorfeniramini, dawa ya mzio, subiri nusu saa, yakiisha daktari anaweza kuruhusu iendelee taratibu. Uso kuvimba, kifua kulia na presha kuanguka ni adrenalini ya 1 kwa 1,000, nusu mililita kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, bila kungoja. Maumivu ya kiuno au ya mkono wenye kanula, wasiwasi wa ghafla, mkojo mwekundu au mweusi, hiyo ni damu isiyo yake. Homa kali ya kutetemeka na presha kushuka mapema inaweza kuwa hiyohiyo, au wadudu ndani ya mfuko. Anayekaa kitako akihema, mishipa ya shingo imejaa, presha imepanda, amezidiwa na wingi; huyo mkalishe, oksijeni, furosemidi kwa amri ya daktari. Akihema hivyohivyo lakini presha iko chini na ana homa, ndani ya masaa 6, ni mapafu yaliyoumizwa na damu yenyewe, na furosemidi haitamsaidia. Nasema hili la mwisho kwa sababu mawili haya yanachanganywa kila siku, na kinachoyatenganisha ni presha uliyoiandika wewe.

Nije kwenye laini za mshipa mkuu.

Huku Pemba wengi wenu hamzitii, lakini mnazipokea. Mgonjwa anarudi kutoka Mnazi Mmoja ya Unguja, Dar es Salaam au India akiwa na katheta shingoni, chini ya mtulinga au kinenani, ncha yake imekaa ndani ya mshipa mkuu unaoelekea moyoni. Historia yake inafaa isemwe hapa kwa kuwa ina muuguzi ndani yake. Mwaka 1929 huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alikatazwa kujaribu kupitisha katheta hadi moyoni. Aliyekuwa na ufunguo wa vifaa safi alikuwa muuguzi Gerda Ditzen, aliyekubali kwa sharti atiwe yeye. Forssmann akamfunga mezani, kisha akajitia mwenyewe mkononi sentimita 65 na kutembea hadi chumba cha eksirei. Hata leo ufunguo bado uko kwa muuguzi. Hospitali za Michigan zilipofuata mambo matano, yaani kunawa mikono, kujifunika kamili, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuulia wadudu), kuepuka kinena na kutoa laini isiyohitajika, maambukizi katika wodi 103 za wagonjwa mahututi yalishuka, kama ilivyochapishwa mwaka 2006, kutoka kiwango cha kati cha 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta hadi sifuri. Muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Ruhusa hiyo waheshimiwa mnaweza kuitoa leo bila bajeti.

Laini mpya haitumiki kabla eksirei haijaonesha ncha ilipo na kwamba pafu halikutobolewa. Andika alama ya sentimita inayoonekana ngozini, kwa laini ya shingo ya kulia mara nyingi huwa baina ya 13 na 16, na uisome kila zamu. Ikitoka sentimita tatu, ncha haipo tena ulipodhani, na dawa kali ya kupandisha presha inaweza kumwagika nje ya mshipa. Usiirudishe ndani: sehemu iliyotoka si safi tena.

Kila unapofungua mdomo wa laini unafungua mlango wa moyo. Nawa. Sugua mdomo kwa pamba ya spiriti asilimia 70 au ya klorheksidini kwa sekunde 15, kwa kuzungusha na kukandamiza, kisha acha ikauke. Kukauka ndiko kunakoua wadudu, na watu wanapuliza ili ikauke upesi, wanapuliza mate. Bomba la sindano liwe la mililita 10 au kubwa zaidi. La mililita 2 linaonekana dogo na jepesi, lakini presha yake ni kubwa na linaweza kupasua katheta au kusukuma bonge. Vuta kwanza uone damu inarudi. Sukuma mililita 10 za maji ya chumvi kwa vishindo vidogovidogo, sukuma simama, sukuma simama, na 20 baada ya damu. Funga kibano huku ukiwa bado unasukuma ili damu isirudi ncha ikaganda. Ikigoma, mgeuze mgonjwa, anyanyue mkono, akohoe. Usishindane nayo.

Bendeji ya kuona ndani hubadilishwa kila siku 7, ya gozi kila siku 2, na yoyote iliyolowa au kubanduka hubadilishwa saa hiyohiyo. Kwetu na joto hili na jasho, ile ya plastiki hujaa maji chini yake ndani ya siku mbili, na watu wanaiacha kwa kuwa kitabu kimesema saba. Mgonjwa wa kutoka jasho au kidonda kinachovuja damu anafaa gozi. Ngozi isiwe na mafuta ya nazi, hayakubali gundi. Sugua klorheksidini ya asilimia 2 ndani ya spiriti kwa sekunde 30 na uache ikauke. Ukiwa na iodini tu, ipe dakika 2. Mgonjwa atakuuliza udhu, na usimwache abuni mwenyewe. Mashekhe wetu wanafundisha kupaka maji juu ya bendeji, na maji yakidhuru ipo tayammum. Mwambie bendeji isilowe, na amuulize shekhe wake lililobaki.

Katheta ya kusafishia figo, ile yenye midomo miwili mikubwa, nyekundu na buluu, haitumiki kwa dripu, antibiotiki wala damu wodini. Ndani yake imewekwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya uniti 1,000 hadi 5,000 kwa kila mililita. Ukisukuma maji bila ya kuitoa kwanza, umempa dozi nzima kwa pigo moja, na mgonjwa wa figo hutoka damu kwa wepesi. Ikilazimika kuiokoa roho, vuta na utupe mililita 5 kwenye mdomo unaoutumia, na andika.

Damu ikipita kwenye laini ya njia tatu, yaani yenye matundu matatu ndani yake, ipite kwenye njia pana zaidi, kwa kawaida ile ya ncha ya mwisho. Soma geji iliyoandikwa, kwani rangi hutofautiana na kiwanda. Isipite kabisa kwenye njia yenye dawa za kupandisha presha, adrenalini au noradrenalini, kwani mfuko ukianza kwenda kasi utasukuma dawa yote iliyomo kwenye mpira kwa mara moja. Na damu baridi kwa kasi kupitia ncha iliyo karibu na moyo inaweza kuvuruga mapigo. Polepole, au ipashwe kwa mashine.

Mwenye laini akipata homa na kutetemeka muda mfupi baada ya kuisukuma maji, dhani laini kwanza. Chukua kalcha mbili, yaani damu ya kuoteshwa wadudu maabara, moja kutoka laini na moja kutoka mkono, kwa wakati mmoja na kiasi sawa, kabla ya antibiotiki. Ya laini ikiota masaa 2 au zaidi kabla ya ya mkono, mkosa amepatikana.

Wa kupelekwa Unguja kwa boti kutoka Mkoani ana mambo yake. Vibano vyote vifungwe, vifuniko vikazwe, mpira ufungwe kifuani kwa plasta ya pili ili boti ikiyumba uvutike mpira, usivutike mshono. Hewa inayoingia kwenye laini iliyofunguka, mgonjwa akiwa amekaa na kuvuta pumzi, inaweza kumuua. Ikitokea: funga kibano, mlaze ubavu wa kushoto kichwa chini, oksijeni kamili.

Kwa sababu hiyohiyo hatumtoi mtu laini akiwa amekaa. Alale, kichwa chini kidogo akiweza. Kata nyuzi, mwambie atoe pumzi na aizuie, au avume kwa mdomo uliofungwa, na hapo ndipo uvute. Kandamiza dakika 5 bila ya kuchungulia. Anayechungulia anaanza upya. Bendeji isiyopitisha hewa ikae masaa 24, na mgonjwa alale nusu saa. Tazama ncha kama imetoka nzima, na uandike urefu wake.

Waheshimiwa, ninaloomba ni dogo: seti za damu zenye chujio zisiishe wodini, mabomba ya mililita 10 yawe na maji ya chumvi yake, klorheksidini ya spiriti ifike hadi Micheweni, bangili za wagonjwa ziwepo, na zamu ya usiku isiwe na muuguzi mmoja, maana kukagua kwa wawili hakuwezekani pasipo na wawili. Ahsanteni. Wa maabara, nyinyi ndio wa kwanza kwa masuali.